Mgeni Aliyejua Lugha ya Hapa

Ninyi mlionilaani wiki nzima kwa kumwacha Kinanda kwenye ngazi na sinia la vikombe mikononi, haya, nimerudi. Sinia lilianguka.

Vikombe vya misheni, vile vyeupe vinavyotolewa kwa wageni tu, viliteremka ngazi kimoja baada ya kingine vikavunjikia mlangoni. Kinanda hakuviangalia. Macho yake yalikuwa getini, ambako mgeni wake Pilipili alisimama na Mama Mikate, mwoka mikate wa mtaani, wote wawili wakicheka.

Walikuwa wanacheka kwa lugha ya hapa.

Kwa yule aliyefungiwa sukari ndani ya gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitasema haraka. Kinanda ni mke wa Mchungaji. Kanisa la nyumbani liliwatuma huku ng'ambo kuhubiri, na lugha ya hapa ikamshinda Mchungaji mapema kabisa. Kwa hiyo yeye husema kwa lugha ya nyumbani, na mkewe husimama kando yake mimbarini akitafsiri. Jina la Kinanda alipewa shuleni, kwa sababu wimbo akiusikia mara moja anaurudisha kama ulivyo. Hilo la kurudisha kama ulivyo mliweke akilini, maana ndilo lililozua balaa lote hili.

Sasa wamepata wageni. Pilipili ni rafiki yake tangu wanasukana nywele, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi. Mumewe ni Mkandarasi, mtu mnene, mcheshi, na mjumbe wa kamati iliyowatuma. Akirudi nyumbani ndiye atakayesema misheni hii iendelee au ifungwe.

"Shoga, pole! Umeumia?" Pilipili alikuja mbio, akainama kuokota vipande.

"Ulikuwa unasema nini pale getini?"

"Nimemuuliza mkate wake anautia nini mpaka unanukia mtaa mzima. Ati anautia umbea."

Ndivyo hasa alivyosema Mama Mikate. Kinanda alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe. 

"Lugha umejifunza wapi?"

"Kwa yule bibi niliyekuwa namuuguza. Alitoka huku, akazeekea kwetu. Mwishoni alisahau kila lugha isipokuwa ya mama yake. Ningefanyaje? Nilijifunza nijue anapotaka maji na anapotaka kugombana."

"Hukuniambia."

"Nilitaka nikushangaze." Pilipili aliokota mpini wa kikombe, akaugeuzageuza. Kisha akashusha sauti. "Ila jana, kwenye ibada ya jioni, aliyeshangaa ni mimi. Twende jikoni."

Jikoni hakukuwa na mlango.

Asubuhi ulikuwepo. Lakini Mkandarasi hawezi kukaa ndani ya nyumba bila kugonga kuta zake, na tangu afike alikuwa ameshagundua unyevu kwenye korido, ufa juu ya dirisha, na mlango wa jikoni uliovimba kwa mvua. Akaung'oa. Sasa ulikuwa umelala barazani juu ya viti viwili, naye anaupiga randa huku akipiga mluzi. Alisema atauchonga vizuri na kuurudisha mvua ikikata. Mvua haikuwa na dalili yoyote ya kukata.

Tangu wageni waingie, Kinanda hakuwa na pa kuuweka uso wake. Chumba cha kulala waliwaachia wageni. Yeye na Mchungaji walilala kwenye godoro ofisini, nyuma ya ukuta wa kanisa. Bafuni kulikuwa na foleni. Jikoni ndipo mahali pekee alipoweza kufunga mlango na kupumua, na mlango wenyewe ulikuwa unageuka maranda. Nguo za wageni zilinukia nyumbani, sabuni ile ile na pasi ile ile, na kila alipopita karibu na masanduku yao alipunguza mwendo anuse. Alitamani kurudi. Hajawahi kumwambia mtu.

"Mchungaji jana aliwaambia watu," Pilipili alianza, "kiwanda chenu cha viatu kilifungwa kwa sababu ya uvivu na dhambi zenu. Wewe ukasema nini?"

Kinanda alifungua bomba ili maji yapige kelele.

"Ukasema nini?"

"Nilisema Mungu anawaona mnavyoamka kila asubuhi bila kazi ya kwenda."

"Akasema wanaume wa hapa hawana haya."

"Nikasema mwanamume kulia si haya."

"Na wakalia!"

"Wakalia."

"Na yeye akadhani wanatubu!"

"Shusha sauti, nakuomba. Hakuna mlango."

Pilipili aliegemea meza, akamtazama kama mtu anayemtazama mwizi na kukuta ni ndugu yake. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza." Kinanda alisugua sufuria iliyokuwa safi. "Jumapili moja, mbele alikaa baba aliyetoka kumzika mwanawe. Mchungaji akasema msiba ni kiboko cha Mungu. Nikafungua mdomo, neno likagoma. Likatoka jingine. Yule baba akalia, kanisa zima likalia naye. Tulipofika nyumbani Mchungaji akanishika mikono, akaniambia, umeona, maneno yamewaingia! Jumapili iliyofuata akaongeza ukali."

"Na wewe ukaongeza sukari."

"Ningefanya nini?"

Yeyote kati yenu ambaye angecheka, angekuwa na haki. Mchungaji anafoka, watu wanafutwa machozi, wanampenda mno, naye akiona wanavyompenda anazidi kufoka. Lakini Pilipili hakucheka. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Mume wangu yule unayemsikia anapiga mluzi, unakumbuka alivyokuwa?"

"Nakumbuka."

"Alikuwa analala mtaroni. Mchungaji akamtaja mbele ya kanisa zima. Akasimama pale kama mtoto aliyejikojolea, na mimi natamani ardhi inimeze. Lakini tangu siku ile hajagusa chupa. Leo anakutengenezea mlango, na akili zake timamu. Yale maneno makali ndiyo yaliyonirudishia mume, Kinanda. Wewe ni nani uwanyime watu dawa kwa sababu ni chungu?"

"Hawa si walevi. Hawa wamepoteza kazi."

"Hiyo si yako kuamua! Wewe ni mkalimani!" Pilipili alifunga bomba kwa mkono wake. Jikoni kukawa kimya ghafla, wakabaki na sauti ya randa tu. "Kesho utatafsiri anachosema. Neno kwa neno. Usipofanya hivyo nitasimama hapo hapo nilipokaa, nitafsiri mimi."

Mtu alikohoa.

Mchungaji alikuwa amesimama pale penye mlango usiokuwepo, mrefu, mkavu, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Amesimama tangu lini? Amesikia nini? 

"Mgeni wetu!" alisema, na alikuwa anatabasamu. "Nimekusikia getini. Kumbe lugha ya hapa unaijua!"

"Kidogo tu, Mchungaji."

"Kidogo gani? Umemchekesha Mama Mikate, na yule hacheki ovyo." Alipiga makofi mara moja, kama alivyozoea akishaamua jambo. "Basi Bwana ametuletea msaada. Kesho mke wangu atapumzika. Utatafsiri wewe."

Kinanda alishika ukingo wa sinki.

"Mimi?" alisema Pilipili. Alimtupia mwenzake jicho, kisha akainua kidevu. "Nitafurahi sana, Mchungaji."

Chakula cha mchana kiliandaliwa na mikono ya Kinanda, lakini yeye mwenyewe sijui alikuwa wapi. Mama Mikate alikaribishwa mezani kwa sababu ya mvua. Alikuwa mjane mwenye mikono mipana na nyusi nyeupe za unga, na ndiye mtu pekee huku ambaye Kinanda aliweza kukaa naye bila kuwa mke wa mtu. Zamani alikuwa akienda kwake kila asubuhi kuchukua mkate. Siku hizi Mchungaji aliichukua kazi hiyo, ati anyooshe miguu, na alikuwa akichelewa kurudi.

Mkandarasi alikula kwa wawili. "Shemeji, supu yako ingejenga ghorofa! Mimi nikirudi naiambia kamati, misheni ibaki, tena iongezwe muhula. Kesho nikiona hao watu wanavyolia, nimemaliza."

"Utaona," alisema Mchungaji.

Mama Mikate aliinama kidogo, akamnong'oneza Kinanda kwa lugha yake kwamba supu ni nzuri ila chumvi imesahauliwa. Kabla Kinanda hajafumbua mdomo, Mchungaji alikuwa ameshasukuma kikopo cha chumvi mbele ya mgeni wao. Kinanda aliliona hilo. Lakini mtu ambaye maji yamemfika shingoni ana mengi ya kuwaza kuliko chumvi, naye alijiambia kwamba pengine mumewe aliona tu jinsi mama wa watu alivyokunja uso.

Baada ya kuosha vyombo alikata kauli. Atamwambia mumewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na Pilipili.

Alimkuta ofisini, ameketi kwenye kiti kimoja huku godoro lao likiwa limesimamishwa ukutani. Alifunga mlango wa ofisi. Huo ulikuwa bado na bawaba zake.

"Nina neno nataka kukwambia."

"Mimi pia," alisema Mchungaji. "Anza kusikia langu. Kesho nitamsimamisha Mama Mikate."

"Kumsimamisha vipi?"

"Kila Jumapili anawasha tanuri kabla ya ibada. Anakanda unga watu wakiomba. Nitamtaja, nitamtoa kanisani mbele ya wageni."

"Anawaokea wagonjwa wa hospitali! Wao hawali Jumapili?"

"Nimeshaamua."

"Ni rafiki yangu!"

"Najua. Ndiyo maana nimekupumzisha." Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Kwa muda alionekana mzee kuliko umri wake. "Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza? Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nilijua hawanitaki. Kisha nikaona wanalia. Nikasema, kuna kitu kinafanya kazi hapa, sijui ni nini, lakini siondoki mpaka nikijue."

Kinanda alilisukuma godoro lisianguke.

"Na wewe?" alisema Mchungaji. "Ulitaka kuniambia nini?"

Angesema nini jamani? Kwamba machozi yaliyomzuia asipande ndege hayakuletwa na maneno yake? Mumewe alikuwa anamtazama moja kwa moja, ametulia, anasubiri. Alisubiri kwa muda mrefu, mrefu kuliko kawaida yake.

"Nilitaka kukuuliza kama kesho utavaa koti jeusi," alisema Kinanda.

Mchungaji alirudisha miwani usoni. "Ndiyo," alisema. "Jeusi."

Jumapili ilianza vibaya ikaendelea hivyo hivyo. Kinanda alitaka kumpata Pilipili peke yake, Pilipili akajifungia bafuni akijisomea maandiko kwa lugha ya hapa, sauti juu. Alipotoka, alimpita korido bila kusimama.

"Pili, nakuomba. Leo anamtoa Mama Mikate. Mjane wa watu!"

"Mume wangu naye alitolewa," alisema Pilipili. "Akarudi akiwa mtu."

Basi, kwa kuwa kumzuia mkalimani kumeshindikana, amzuie mwenye kutajwa asije. Kinanda alitupa mtandio kichwani akakimbilia mlango wa mbele. Mlango ule nao ulikuwa umevimba. Aliuvuta, akauvuta tena, akaweka mguu ukutani.

"Shemeji! Wewe na mlango mnagombania nini?" Mkandarasi alikuwa nyuma yake na suti yake kubwa. Aliufungua kwa mkono mmoja. "Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kwa Mama Mikate mara moja."

"Nakusindikiza!"

"Hapana, shemeji, wewe pumzika."

"Mgeni akae, mwenye nyumba alowe? Hapana!" Na akaja, na mwavuli wake, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuonyesha mtaro uliojengwa vibaya.

Duka la mikate lilikuwa limefungwa. Kinanda aliweka kiganja kwenye kioo. Ndani kulikuwa na giza na tanuri lilikuwa limezimwa. Jumapili hii, Mama Mikate hakuwasha.

Jirani alifungua dirisha la juu. "Ameshakwenda kanisani! Ameoka usiku kucha, ati leo kuna wageni wa Mchungaji, asichelewe!"

"Anasemaje?" aliuliza Mkandarasi.

"Anasema tumechelewa," alijibu Kinanda. Hiyo aliitafsiri sawasawa.

Kanisa lilijaa mpaka pembeni. Kinanda aliwekwa benchi la kwanza, la wageni, amebanwa kati ya mama mwenye mtoto na baba yule aliyezika mwanawe, ambaye tangu siku ile hajawahi kukosa ibada hata moja. Mama Mikate alikaa upande wa pili wa njia, na kapu la mikate mapajani, limefunikwa kitambaa cheupe. Alimkonyeza Kinanda. Kinanda alitazama pembeni. Mkandarasi alisimama nyuma kabisa, ameegemea mlango, kwa sababu bawaba zake alizitilia shaka.

Mchungaji alipanda na koti jeusi. Pilipili alipanda nyuma yake akasimama kando, mahali pale pale pa Kinanda. Alionekana mdogo sana pale juu.

"Ndugu zangu, leo sitazunguka," alisema Mchungaji.

Pilipili alitafsiri. Sauti yake ilikuwa safi, na maneno yalikuwa yale yale.

"Mmekuwa mkisikia mahubiri yangu na kurudi nyumbani kama mlivyokuja."

Pilipili alilisema hilo pia. Watu walitazamana. Baba yule wa kando ya Kinanda alikunja uso, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua ikitoka kwa mtu asiyemjua. Kisha akamgeukia Kinanda kumwuliza kwa macho, na Kinanda akaangalia viatu vyake.

"Kuna mtu humu ambaye kila Jumapili, ninyi mkiomba, yeye anakanda unga."

Pilipili alilirudisha lote, bila kupunguza wala kuongeza. Vichwa vilianza kugeuka.

"Mama Mikate. Simama."

"Mama Mikate," alisema Pilipili. "Simama."

Mama wa watu alisimama. Kwa kuwa hakujua aliweke wapi, alisimama na kapu lake. Kitambaa kiliteleza na harufu ya mikate ikajaa kanisa zima, na mtoto mmoja akasema kwa sauti kwamba ana njaa. Hakuna aliyecheka.

"Mwambie," alisema Mchungaji, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, "yeye ni najisi katika nyumba hii. Achukue mikate yake atoke. Na mlango ule asiuguse tena."

Pilipili alifungua mdomo.

Ukabaki wazi.

Kinanda alimwona anavyomeza, anavyojaribu tena, anavyotazama ile mikono mipana kwenye kapu. Alijua kinachomtokea hatua kwa hatua. Neno lilikuwa limegoma. Hasira zote alizokuwa nazo juu ya rafiki yake zilimwisha pale pale, akabaki na huruma.

"Mama," alisema Pilipili mwishowe kwa lugha ya hapa, na yule mkali wa ulimi sasa alikuwa anaokoteza maneno, "Mchungaji anasema mikono yako imechoka. Anasema keti. Anasema... anasema usiku kucha ulikuwa unatuwaza sisi, na Mungu alikuona."

Mama Mikate aliketi. Mtu nyuma alianza kulia taratibu.

Mchungaji aligeuka, akamtazama Pilipili.

"Sikusema hivyo," alisema.

Mmesoma mkapita? Rudini. Alisema kwa lugha ya hapa.

Tena alisema vizuri, bila kigugumizi, akivuta maneno kama wanavyoyavuta watu wa mtaa wa mikate. Kanisa zima lilipigwa na butwaa. Mtu mmoja tu hakushtuka. Kinanda alimgeukia Mama Mikate akamkuta ameinamisha kichwa, midomo yake ikimfuata Mchungaji polepole, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi wake akisoma mbele ya wazazi.

Kumbe mkate ule wa kila asubuhi. Kumbe chumvi ile.

"Hata wewe," Mchungaji alimwambia Pilipili, bado kwa lugha ya hapa, ili wote wasikie. "Nilidhani ni mke wangu tu mwenye moyo laini. Nikasema nimtafute anayeyapenda maneno yangu, ayaseme yeye. Hata wewe yamekushinda."

Pilipili alificha uso kwa viganja.

"Tangu lini?" Kinanda hakujua kwamba amesimama wala kwamba amesema. "Tangu lini unaelewa?"

"Zamani."

"Na ukaendelea kuyasema?"

"Nilikuwa nakungoja." Sauti ya Mchungaji ilipasuka kidogo, akaikusanya. "Kila Jumapili nilizidisha, nikisema leo hili atashindwa kuligeuza, leo atanigeukia aniambie. Hukuniambia. Jana nilikuuliza tumekaa wawili tu. Ukaniuliza habari za koti."

Kinanda aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Aliona hasira pia, kwa maana na yeye alikuwa ameachwa akihangaika pale mimbarini muda wote huo, na mumewe anasikia kila kitu, amenyamaza. Hakujua aanze na lipi.

"Jamani!" Ilikuwa sauti ya Mkandarasi kutoka mlangoni. "Mbona mimi sitafsiriwi? Kuna nini? Mke wangu analia nini?"

"Kweli," alisema Mchungaji, sasa kwa lugha ya nyumbani. "Mgeni wetu haelewi, na ndiye atakayepeleka habari."

Alishuka kutoka nyuma ya mimbari. Akamsogeza Pilipili taratibu kwa bega, akasimama mwenyewe kando, mahali pa mkalimani, mikono nyuma. Hakutabasamu wala hakukunja uso.

"Njoo, mke wangu. Leo useme ya kwako, kwa lugha yao. Mimi nitamtafsiria mjumbe wa kamati."

Kinanda alitazama mlango. Mkandarasi alikuwa ameuziba wote kwa mgongo wake. Kulia kwake kulikuwa na mama na mtoto, kushoto baba yule, na baba yule akasogeza magoti, lakini ili apite kwenda mbele. Akaenda. Ngazi za mimbari alizijua kwa miguu yake, ila hajawahi kufika pale katikati.

Waliokuwa wanamtazama ni watu wale wale aliowafariji kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza hakuwa na sentensi ya mtu ya kushika.

"Nisameheni," aliwaambia kwa lugha yao. Ni hilo tu.

Mchungaji alisafisha koo. Alimtazama Mkandarasi juu ya vichwa vyote vile, akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti aliyoitumia siku zote kuhubiri:

"Mke wangu anasema amechoka. Anaomba kamati imrudishe nyumbani. Peke yake."

Pilipili aliinua kichwa kwa mshtuko. "Hakusema hivyo!"

"Mwulize," alisema Mchungaji.

Wote wakamgeukia Kinanda. Alifungua mdomo akatae, akakumbuka nguo zile zilizonukia nyumbani, akaingojea sauti yake, na sauti haikuja.